Daftari la mlo wa buibui watatu, Januari hadi Septemba 2024

Jumapili, 7 Januari

Daftari hili limeanza kwa sababu ya tumbo la Nywele, mmoja wa buibui wangu. Nilimpokea mwezi wa kumi na moja kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu wa ghalani aliyekuwa anahama, na siku ya kumkabidhi alinipa wasia mmoja tu: mlishe vizuri, huyu anapenda kula. Kweli alikuwa amelishwa. Tumbo limevimba na kung'aa kama zambarau lililoiva kupita kiasi, linaburuta udongoni kila akitembea. Nami kwa ujinga wangu nikaendeleza pale pale: nyenje wawili Jumatatu, wawili Alhamisi. Jana usiku alikuwa akipanda ukuta wa boksi, akateleza, akaanguka kama sentimita ishirini. Nilikaa sakafuni nusu saa na tochi nikitafuta kama kuna mahali anavuja.

Hakuvuja. Lakini nimesoma vya kutosha kujua kuwa ilikuwa bahati. Buibui mkubwa wa kukaa chini hana mifupa; ngozi ya tumbo ni laini, na maji ya mwilini mwake ndiyo yanayosukuma miguu inyooke. Tumbo likipasuka, huna la kumfanyia.

Basi kuanzia leo kila mlo unaandikwa: nani, nini, saa ngapi, amekula au amekataa, mabaki yametolewa lini. Binti yangu, ana miaka kumi na mmoja, ndiye karani. Mwandiko wake unasomeka kuliko wangu.

Wenye daftari ni hawa. Nywele, jike mzima wa Tliltocatl albopilosus kutoka Amerika ya Kati, nywele zimejikunja kama za mtu aliyetoka kufumua misuko. Nimempima juu ya plastiki, sentimita 14 toka ncha ya mguu wa mbele hadi wa nyuma. Punje, Brachypelma hamorii wa Meksiko, atakuwa na magoti mekundu ya kuvutia akishakua, lakini kwa sasa miguu yote ikinyooka hafiki sentimita mbili. Na Pilipili, Pterinochilus murinus wa rangi ya chungwa, ambaye wafugaji wa huku wanamwita kwa jina la Usambara. Huyo ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Nimezaliwa Muheza, milima ile naiona kutoka uani kwetu, nikaja kumwona mdudu wa kwetu kwa mara ya kwanza hapa Leicester, Uingereza, ndani ya kikopo cha plastiki, anauzwa. Amezaliwa Ulaya kwenye mikono ya wafugaji. Usambara yenyewe haijui.

Ratiba ya kuanzia: Nywele nyenje mmoja kila baada ya wiki mbili, mpaka tumbo lipungue likaribiane na upana wa kifua. Pilipili mmoja kila siku kumi. Punje mara mbili kwa wiki, vipande.

Jumamosi, 13 Januari

Leo habari ni ya chakula, si ya walaji.

Nyenje wa dukani wanauzwa kwenye kontena la plastiki lenye trei za mayai ndani. Muheza tungewaita chenene, ingawa chenene hasa ni yule anayechimba ardhini. Unawakuta wamekonda, hawana maji, wawili watatu wameshafa na wenzao wanawatafuna. Ukimlisha buibui nyenje wa namna hiyo umemlisha ganda tupu. Kwa hiyo nimewahamishia kwenye ndoo yenye kuta laini, nikawawekea vipande vya karoti, majani ya sukumawiki yaliyooshwa sana na uji mkavu wa shayiri. Wakae hapo siku mbili, washibe, ndipo walike. Kuna watu wananiuliza kuhusu unga wa kalisi. Huo ni wa mijusi, buibui hajengi mifupa.

Ndoo niliifunika kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa na tundu.

Mke wangu amenisikiliza vizuri nikimweleza kuwa wametoka kama kumi tu, tena wadogo. Sasa hivi kuna mmoja nyuma ya redieta ya sebuleni anaimba tangu magharibi. "Nyumba ina buibui watatu," amesema, "na hakuna hata mmoja wa kumnyamazisha huyu?"

Jumamosi, 20 Januari

Pilipili amekula. Naandika kirefu kwa sababu hapa ndipo penye hatari, na nataka utaratibu ubaki uleule hata siku nikiwa nimechoka nimetoka zamu ya usiku.

Huyu si kama Nywele. Buibui wengi wakubwa wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha mgongoni mwa tumbo. Wakikasirika wanavichota kwa miguu ya nyuma na kukurushia. Aliyewahi kupita kwenye upupu akiwa na kaptula ya shule anajua habari yake, ila hivi vikiingia jichoni ni hospitali, ndiyo maana navaa miwani nikimfungulia Nywele. Wa Afrika hawana vinyweleo hivyo. Silaha yao ni chonge na mbio. Sumu ya Pilipili inauma vibaya, na misuli inaweza kukaza siku kadhaa baada ya jeraha lenyewe kupona. Sina haja ya kulithibitisha.

Kwa hiyo: mlango wa chumba unafungwa, karani anakaa kitandani miguu juu, boksi linawekwa ndani ya beseni pana la kufulia ili akichomoka asikutane na sakafu moja kwa moja. Kwanza tochi kupitia ukuta wa plastiki. Kama sijamwona yuko wapi, sifungui. Hilo halina mjadala. Nikishamwona chini kwenye tundu lake, nafungua kifuniko upana wa vidole viwili, naingiza nyenje kwa kibano cha mianzi chenye urefu wa sentimita 30. Nilikuwa na cha chuma. Nimekiacha kwa sababu buibui hurukia kinachotikisika, na akikiuma chuma kwa nguvu zote chonge inaweza kuvunjika, halafu itabidi asubiri mpaka ajivue ganda ndipo apate nyingine.

Nyenje alitua kwenye utando, akatembea hatua tatu. Sikuona Pilipili akitoka. Nilichoona ni rangi ya chungwa pale ambapo sekunde iliyopita hapakuwa na kitu, na sauti ndogo kama bisi inayogonga kifuniko cha sufuria. Binti alisema "Baba" mara moja, kwa sauti ya chini.

Kisha akarudi mlangoni mwa tundu, akainamia mawindo, akaanza kuzunguka polepole huku ncha ya tumbo ikigusa chini na kutandika uzi, kama mtu anayetandika mkeka kabla ya kula. Buibui hatafuni akameza. Anammwagia mdudu maji ya kuyeyusha, anamkandakanda, anafyonza. Asubuhi nimekuta tonge, jeusi, dogo kuliko punje ya kunde, limewekwa pembeni kabisa ya utando. Nimelitoa kwa kibano hicho hicho. Tonge likibaki siku mbili tatu kwenye unyevu linaota ukungu, na ukungu unaleta utitiri.

Jumapili, 4 Februari

Punje hajakua kiasi cha kushindana na nyenje mzima, hata yule mdogo kabisa wa dukani. Kipimo ni hiki: mawindo yaliyo hai yasizidi ukubwa wa tumbo la mlaji. Kwa hiyo nakata paja la nyenje, lile nene la nyuma, naliweka karibu na mlango wa kitundu chake. Watoto wa buibui hawana haya ya kula kilichokwisha kufa.

Leo nimemtazama kwa kioo cha kukuzia. Alitoka, akaligusa paja kwa vipapasio viwili vya mbele, akarudi nyuma, akaligusa tena. Halafu akalikumbatia lote. Lilikuwa refu kuliko yeye. Akaanza kurudi nalo kinyumenyume kwenye tundu, likakwama mlangoni kwa upana, akavuta, likakwama, akavuta, mpaka akaligeuza kwa urefu likapita. Nilijikuta nimeshikilia pumzi.

Maji yake ni matone machache ukutani na kifuniko cha chupa ya soda. Dukani waliniambia niweke sifongo ndani ya kisahani ili asizame. Sifongo ni nyumba ya uchafu, nimeitupa. Buibui hazami kwenye maji ya kina cha nusu sentimita.

Jumamosi, 17 Februari

Boksi la Nywele limerekebishwa, na hili ni jambo la mlo ingawa halionekani hivyo. Yule aliyeshiba ndiye anayeumia akianguka. Toka udongo hadi kifuniko palikuwa na sentimita 25. Nimeongeza udongo mpaka zimebaki 15 na ushei. Kifuniko cha wavu nacho nimekiondoa, maana kucha zake hunasa kwenye matundu akabaki ananing'inia. Sasa ni plastiki yenye vitobo.

Udongo wenyewe ni makumbi ya nazi yaliyosagwa na kukandamizwa kama tofali. Unaloweka tofali kwenye ndoo, linavimba, unakamua. Nimelinunua kwa pauni nne. Kwetu makumbi tunawashia moto. Nimekaa na tofali mkononi pale dukani nikikumbuka lile rundo nyuma ya jiko la mama, nikalipa hivyo hivyo.

Tumbo: limepungua. Halibuluzi tena.

Jumamosi, 2 Machi

Nywele amekataa nyenje. Alimgusa kwa mguu wa mbele, akamsogeza kando kama mtu anayesukuma sahani. Baada ya nusu saa nikamtoa nyenje.

Nimemtoa. Naandika hivyo kwa herufi kubwa moyoni, kwa sababu miezi miwili iliyopita ningemwacha "labda atakula usiku".

Jumamosi, 16 Machi

Amekataa tena, mara ya pili. Upara wa nyuma ya tumbo, pale alipokuwa amejichota vinyweleo, ulikuwa na rangi ya ngozi. Sasa umekuwa mweusi tii. Ni nywele mpya zinazoonekana chini ya ganda la zamani. Basi si mgonjwa. Anajiandaa kujivua gamba, na tafadhali wenye kumbukumbu za siasa za CCM za 2011 mnisamehe, neno halikuanzia kwenye chama.

Mama amepiga simu kabla ya futari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshinda vipi na saumu? Huko jua linachelewa."

Nikamwambia wazima, nikamwambia na habari za Nywele: wiki mbili sasa anakataa chakula.

"Na yeye kafunga?"

"Kafunga, mama."

"Mungu amtakabalie. Wewe lakini umeacha vitu vyote vya kufuga, mbuzi, kuku, bata, umekwenda kufuga buibui." Akanyamaza kidogo. "Usiwaue tu." Hilo tumelelewa nalo. Bibi alikuwa akifagia utando kwa ufagio wa chelewa lakini buibui mwenyewe anamsogeza nje kwa heshima, kwa ajili ya kisa cha pango alilojificha Mtume na buibui akatanda mlangoni.

Binti amechora mwezi mwandamo kwenye ukurasa wa Nywele. Pilipili na Punje wanaendelea kula kama kawaida, hawana dini.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nywele bado hali. Maji yamebadilishwa. Hakuna lingine.

Jumapili, 28 Aprili

Kosa ni langu, na naliandika lote.

Punje amekua, amefika karibu sentimita tatu, na kwa wiki tatu nimekuwa nikimpa nyenje wadogo walio hai. Aliwakamata wote kwa umahiri, nami nikaota mbawa. Alhamisi nilimtumbukizia mmoja saa nne usiku, nikiwa nimevaa koti tayari kwenda kazini. Sikungoja. Sikumwona nyenje akiliwa wala sikumtafuta niliporudi asubuhi, nililala. Ijumaa nilisahau. Daftarini nafasi ya "mabaki yametolewa" iko wazi, na karani alikuwa ameweka alama ya kuuliza ambayo sikuiona.

Jana asubuhi nimemkuta Punje amelala chali amekwisha kujivua, ganda la zamani pembeni, yeye mweupe kama ute wa yai. Na nyenje yuko juu yake. Alikuwa anatafuna mguu wa tatu wa kushoto.

Watu hudhani mlaji ni mmoja. Buibui akijivua hana ngozi ngumu, hana chonge za kutoboa hata karatasi, hawezi kukimbia. Nyenje mwenye njaa na kiu humwona kama karoti. Mabuu ya unga, yale marefu ya rangi ya ngano, ni mabaya zaidi maana hujichimbia chini ukadhani yameliwa, kisha yanaibuka usiku wa kujivua. Ndiyo maana wenye busara humsaga kichwa buu kabla ya kumtumbukiza.

Nilimtoa nyenje. Sikumgusa Punje, ukimgusa katika hali ile unamlemaza. Niliongeza unyevu kidogo upande mmoja, nikafunika. Mguu umekatikia karibu na kiuno, na pale palipokatika palikuwa na tone la maji ya samawati iliyofifia. Damu yao haina wekundu. Leo tone limekauka. Yuko wima, miguu saba.

Kanuni mpya, kwa wino mwekundu: Punje anarudi kwenye mawindo yaliyouawa. Kwa wote watatu, kisicholiwa ndani ya saa moja kinatoka, na siendi kazini nikiwa nimeacha kitu hai ndani ya boksi.

Binti hakunilaumu. Alijaza nafasi iliyo wazi: "Nyenje ametolewa Jumamosi saa mbili asubuhi. Tumechelewa." Ile "tu-" yake imeniuma kuliko angeandika jina langu.

Jumapili, 12 Mei

Nywele amejivua usiku wa kuamkia leo, siku ya sabini na moja tangu alipokataa. Tulimkuta saa tano usiku amelala chali juu ya zulia la utando alilojitandikia. Mtu asiyejua angedhani amekufa, na nimesikia habari za watu waliowageuza buibui wao kwa huruma wakawaua. Aliyekufa au aliyekaukiwa maji huwa amesimama na miguu imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Chali ni salama.

Ilichukua saa kadhaa. Ganda la kifua lilifunguka kama kifuniko cha kopo, kisha miguu ikaanza kuchomolewa yote minane kwa mpigo, polepole, kwa kusukuma na kutulia, kusukuma na kutulia, kama mtu anayevua soksi ndefu zilizolowa. Saa nane usiku alikuwa nje. Chonge zake zilikuwa nyeupe, za kuonekana hadi ndani.

Leo ganda lipo mezani juu ya karatasi, na bitana ya chonge nayo imetoka pamoja nalo. Hawa hujivua hadi ndani ya mdomo.

Hakuna chakula. Maji tu.

Jumapili, 26 Mei

Chonge za Nywele: siku ya tatu waridi, siku ya sita nyekundu, jana nyeusi kabisa. Nimesubiri siku mbili zaidi ya hapo nilipodhani panatosha. Jana saa tatu usiku nyenje mmoja, wa wastani. Alimkamata kabla hajatua vizuri, akala mpaka alfajiri. Tonge limetolewa saa moja asubuhi.

Ni mwembamba sasa, mrefu zaidi, rangi mpya kama kahawa iliyokaangwa jana. Binti anasema amependeza. Mke wangu amechungulia toka mlangoni, akasema "haya", na kwake hiyo ni hotuba nzima.

Jumamosi, 15 Juni

Kiangazi cha Uingereza, siku tatu za jua. Binti amerudi kutoka bustanini na panzi wa kijani ndani ya glasi, mnono, zawadi ya Nywele. Nimemkatalia, naye amenuna, kwa hiyo imebidi nimweleze kwa urefu: hatujui jirani amepulizia nini maua yake. Dawa inayoua chawa wa majani haimwangushi panzi papo hapo, inaweza kumkaa mwilini, na buibui naye hufa na dawa za wadudu kama wadudu wenyewe. Pia panzi wa nje huja na vimelea vyake. Ni sababu hiyo hiyo hatupulizi dawa ya mbu wala ya mende chumba kile.

Tukamrudisha panzi kwenye nyasi. Aliruka hatua mbili, ndege akamchukua. Tumecheka mpaka nuna imeisha.

Jumapili, 14 Julai

Punje amejivua tena. Miguu minane!

Wa tatu wa kushoto umerudi, mwembamba, mfupi kidogo kuliko wenzake, rangi yake imepauka. Ataunenepesha kwenye maganda yanayofuata. Na kwa mara ya kwanza kuna kivuli cha uwekundu magotini, wa kubahatisha, unaonekana tu taa ikiwa upande wa kulia. Nimemwita mke wangu aje aone. Amekuja hadi mezani.

Ijumaa, 2 Agosti

Kesho tunasafiri siku 23, Muheza. Kila mtu kazini ameniuliza nani atawalisha. Hakuna. Mlo wa mwisho wa Nywele na Pilipili ulikuwa siku kumi zilizopita, wa Punje siku tano. Mabaki yametoka, hakuna mdudu hai ndani, na mtu mzima kama Nywele anaweza kukaa miezi bila kula huku tumbo likipungua kidogo tu. Wanachohitaji ni maji.

Jirani yetu, mzee mstaafu, amekubali kuja kila baada ya siku nne. Alisema wazi hatafungua boksi la Pilipili hata kwa mshahara, nami nikamwambia hilo ndilo jibu nililotaka kusikia. Nimetoboa tundu moja juu ya kisahani. Atasukuma maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Punje atanyunyiziwa kwa matone sita kila mara. Nimeyaandika ubaoni: *sita*. Mtu mwenye huruma anaweza kumzamisha.

Pilipili ameziba mlango wa tundu lake kwa udongo na utando tangu juzi. Sikumgongea.

Jumatano, 14 Agosti, Muheza

Tumepanda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara, mimi na binti. Njia ya vumbi, baridi inayoanza ghafla ukishaingia chini ya miti. Nilimwomba kijana anayetutembeza atuonyeshe mahali penye buibui wakubwa. Alitutazama mara mbili, akacheka, akatupeleka kwenye kisiki pembeni ya shamba.

Chini ya mzizi palikuwa na tundu la upana wa dole gumba, limevikwa utando mzito mweupe uliotandazwa nje kama kanzu iliyoanikwa. Kwenye utando palikuwa na mbawa za mbawakawa, ngumu, za rangi ya shaba, na kichwa cha panzi. Kimoja, kingine, kingine, vimekauka. Hakuna wa kumtolea mabaki. Hakuna nyenje aliyeshibishwa karoti. Anakula anachopata, na siku nyingi hapati.

Binti alipiga magoti akaangaza kwa simu, kwa mbali, mikono nyuma kama ninavyomfundisha. Mwenye nyumba hakutokea. Kijana akauliza kama tunataka amchimbue, akidhani ndicho tulichokuja kutafuta; wageni wamewahi kuuliza bei. Nikamwambia hapana, mwache. Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi tangu 2016, lakini hata pasingekuwa na katazo nisingeweza. Niliye naye anatosha, na huyu ana nyumba.

Mama amemsikiliza binti akimhadithia usiku kucha habari za tundu lile. Mwisho akauliza, "Sasa huyo wa kwenu Ulaya naye ana mbawakawa?" Binti akasema hana, ana nyenje. Mama akasikitika kweli.

Jumapili, 1 Septemba

Tumerudi tangu Jumatatu. Nywele mzima, tumbo sawasawa na kifua, kipimo nilichokuwa nakitafuta tangu Januari, na nimekipata kwa kuondoka nyumbani. Amekula Jumanne. Punje mzima, amekula paja la nyenje mara mbili. Jirani ametuachia karatasi yenye tarehe zote, na mbele ya kila tarehe "sita".

Pilipili: mlango bado umezibwa. Wiki ya tano. Maji kisahani yanapungua kwa kukauka tu, au pengine anakunywa usiku, sioni nyayo. Shauku ya kuchokonoa ile plagi ya udongo ni kubwa. Sichokonoi.

Jumapili, 22 Septemba

Saa mbili usiku karani aliita kutoka chumbani. Mlango wa Pilipili uko wazi, na nje pametupwa ganda, limekunjamana, la chungwa lililofifia.

Tumefanya utaratibu wote: mlango, beseni, tochi. Binti amekaa kitandani na kikopo cha nyenje magotini, amemchagua mwenyewe, amemlisha karoti tangu Ijumaa. Nikaangaza kupitia plastiki. Pilipili alikuwa mdomoni mwa tundu, mkubwa kuliko nilivyomkumbuka, rangi mpya ya moto wa mkaa. Mwanga ulipomfikia akainua miguu ya mbele juu, akajitupa nyuma, akafungua chonge. Nikamwachia tochi hapo sekunde mbili, nikaziangalia vizuri, kisha nikaizima.

"Baba, nimlete?"

"Rangi gani?"

Alikuwa ameziona hata yeye. Alifikiri kidogo. "Nyekundu."

Amefunika kikopo, amechukua kalamu. *Pilipili. Maji tu.*